Baada ya Kipaimara: Kumlea Kijana Akomae Kiimani Katika Msimu Mmoja wa Korosho

Askofu akishaondoka na pilau la sherehe likishaliwa, darasa la kipaimara huvunjika siku hiyohiyo. Madaftari yanatupwa juu ya kabati. Kijana amewekewa mikono kichwani, amepokea Komunyo, na kwa hesabu yake amemaliza. Jumapili chache baadaye ukimtafuta kwenye benchi la vijana humwoni, na mama yake anakwambia kwa haya kidogo, "Mwalimu, alikesha kwenye mpira."

Nimefundisha darasa hilo kwa miaka mingi katika parishi yetu ya Kianglikana huku Masasi, mkoani Mtwara, na ninachoandika hapa ni kazi inayoanzia pale darasa linapoishia. Nawaandikia wasimamizi: wewe uliyesimama kisimani siku ya ubatizo, ukasema kwa niaba ya mtoto, kisha kazi yako ikaonekana imekwisha ulipotoa zawadi ya kitenge. Siwaandikii mapadri. Padri ana mitaa mingi na pikipiki moja.

Rai yangu ni hii. Huku kwetu ukomavu wa imani hupimwa kwenye mizani ya korosho, msibani kwa ndugu Mwislamu, na barazani kwa mjomba. Kanisani sote tunajua kuimba. Basi ulezi ufuate kalenda ya shamba, maana ndiyo inayomkamata kijana shati. Semina ya siku mbili yenye soda na vyeti ina faida yake, lakini haijamzuia mtu kutia mchanga kwenye gunia.

Kuhusu jando na unyago, kwanza

Hakuna anayeweza kuzungumza juu ya kukua huku Kusini akaruka jando. Kila mzazi, Mmakua, Myao au Mmakonde, anajua mtoto wake alikuwa mtoto lini na akaacha kuwa mtoto lini. Kanisa lilipofika lilikuta jambo hilo lipo. Askofu Edward Steere aliwaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani mwaka 1876, na baada yake wakaja mapadri Waafrika kama Cecil Majaliwa, aliyepewa upadri mwaka 1890 na kufanya kazi Chitangali. Baadaye Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi tangu 1926, aliona kwamba kulipiga marufuku jando ni kuwafukuza vijana. Akaliingiza ndani: sala na mafundisho ya imani vikachukua nafasi ya matambiko, na wazee wa Kanisa wakawa ndio wasimamizi.

Wapo wanaomlaumu mpaka leo, na wapo wanaomsifu. Mimi nachukua kwake jambo moja tu: kijana afundishwe na watu wanaomjua kwa jina la ukoo wake. Ila jando lina mwisho. Siku ya kutoka, mwali anavishwa nguo mpya, anapewa jina jipya, ngoma inalia, na kila mtu anamwita mkubwa. Kijana anaileta hesabu hiyohiyo kanisani. Ndiyo maana jambo la kwanza utakalomwambia, mapema na bila kuzungusha maneno, ni kwamba kipaimara hakina siku ya kutoka. Mtume Paulo mwenyewe, akiwa mzee na akiwa kifungoni, aliwaandikia Wafilipi kwamba hajafika, bado anakaza mwendo. Msomeeni pamoja sura ya tatu, mstari wa 12 hadi 15. Haichukui dakika kumi.

Kwa mabinti nina neno la ziada, maana nami nilichezwa unyago na najua kinachosemwa mle ndani. Heshima kwa wakubwa, usafi, kujitunza: hayo yashike. Lile la kwamba sasa umekua, mume anaweza kuja hata kesho wakati hata kidato cha pili hujamaliza, liache mle mle. Usimwachie kungwi peke yake kazi ya kusema na binti. Nenda ukae naye, umwambie hivyo kwa kinywa chako.

Kabla hamjaanza

Chukua vijana wachache unaoweza kuwatembelea kwa miguu. Watatu wanatosha, wawili ni bora zaidi. Ukichukua kumi utakuwa umefungua darasa jingine.

Kisha nenda kwa mjomba. Wageni wa mikoa mingine hulisahau hili. Kwa makabila yetu mengi ya huku ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana sauti kwa mpwa wake kuliko hata baba. Ukianza kumlea kijana bila mjomba kujua, siku ya kwanza mtakapotofautiana kuhusu mahari, shamba au mganga, utasikia, "Huyu mama wa kanisani ni nani kwetu?" Nenda jioni, keti, pokea unachopewa, hata kama ni ming'oko, vile viazi vya porini, na chai ya rangi, useme: "Mjomba, kijana wetu amewekewa mikono. Naomba nitembee naye mpaka msimu ujao." Mjomba akiwa Mwislamu, sema vivyo hivyo. Mimi sijawahi kukataliwa na mjomba Mwislamu. Waliowahi kunikatalia ni Wakristo, na walikuwa na sababu zao.

Mei mpaka Agosti: palizi na salfa

Anzeni wakati wa kusafisha mashamba na kupulizia mikorosho salfa dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu. Kazi inaanza alfajiri, kabla upepo haujachangamka, na mikono ikiwa na kazi mdomo wa kijana hufunguka. Nendeni pamoja. Maongezi ya kiti kwa kiti, uso kwa uso, vijana wetu huyaogopa kama kesi ya ofisi ya kijiji.

Miezi hii fundisha vitu viwili tu, kusoma na kusali. Kwenye kusoma nawapa Injili ya Marko, kwa kuwa ni fupi, sura 16, na haina maneno mengi. Kila siku wasome kipande kidogo, waandike kwenye daftari sentensi moja: Yesu amefanya nini hapa? Wasiandike "nimejifunza nini", kwa sababu wataandika yale wanayodhani mwalimu anayataka. Asiyesoma vizuri asikilize kwenye simu. Biblia ya kusikiliza ipo, na vijana wanajua namna ya kuipata kuliko mimi na wewe. Kwenye kusali, waanze na Baba Yetu polepole, kisha wataje mtu mmoja kwa jina. Basi. Ataongeza mwenyewe.

Katikati ya miezi hii mtapambana na swali la karama. Kijana atakuwa amekwenda mkutano wa injili mjini, ameona watu wakianguka, wakinena kwa lugha, na atakuuliza mbona kwetu ni Kitabu cha Sala tu. Usimcheke, wala usiwaseme vibaya wale wengine. Mfungulie barua ya kwanza kwa Wakorintho. Sura ya kwanza, mstari wa 7, Paulo anakiri kwamba hawakupungukiwa na karama yoyote. Ukifika sura ya tatu, mistari mitatu ya mwanzo, watu walewale anawaita watoto wachanga, na sababu anaitaja: wivu na fitina. Acha asome mwenyewe kwa sauti. Halafu kaa kimya, endelea kupalilia.

Ukipata nafasi, mwongezee Luka 2 kuanzia mstari wa 41. Yesu ana miaka 12, amewashangaza walimu hekaluni, na mama yake alipokuja kumtafuta alishuka nao mpaka Nazareti akawa anawatii. Kijana anayeongoza maombi ya usiku kucha huku mama yake anateremka peke yake kuteka maji ana kazi na mstari wa 51. Watu wa uwanda wa juu wa Newala wanajua kuteremka kuteka maji maana yake nini.

Msimu

Hapa ndipo nitakapokaa, kwa sababu hapa ndipo wanapopotea.

Kuanzia Septemba korosho zinadondoka, Oktoba minada inaanza, na kuanzia hapo mpaka Krismasi huku kwetu kuna fedha. Pikipiki mpya zinanguruma, kila kona kuna ngoma, na wapo waume wanaokwenda mjini "kufuatilia malipo" wasirudi mpaka malipo yaishe. Kijana wa miaka 19 mwenye mikorosho aliyoachiwa na babu yake anashika katika wiki moja fedha asizozishika mwaka mzima. Hakuna somo la kipaimara linalomwandaa kwa hilo.

Jambo la kwanza ni kangomba, yaani ununuzi wa korosho wa kificho nje ya chama. Tangu stakabadhi ghalani ilipoanza huku, msimu wa 2007/2008, mkulima hupeleka korosho chama cha msingi, zinakwenda ghalani, zinauzwa mnadani, na malipo yanakuja baadaye. Hapo katikati pana kusubiri, na palipo na kusubiri hupita mtu wa kangomba usiku, ana fedha mkononi, ananunua kwa bei ya chini sana. Mwenye mgonjwa ndani anauza. Siwezi kumhukumu. Ninachomfundisha kijana ni upande wa pili: asiwe yeye mnunuzi. Vijana wenye akili ya biashara, waliosoma kidogo, ndio wanaotumwa kuzunguka majumbani. Wengine ni wanakwaya. Anakuja kuniuliza, "Mwalimu, si biashara tu?" Namuuliza alinunua kwa nani. Akinitajia mjane, namwambia asome Yakobo 1:27, halafu anirudie na jibu lake.

Mwaka 2018 somo hili lilifundishwa na serikali kwa namna yake. Novemba ile ilitangazwa kwamba serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakapewa kazi ya kuzisomba, na ukafanyika uhakiki: mwenye kilo nyingi aonyeshe shamba, asije akawa mnunuzi wa kangomba. Ghafla wajomba wengi wakawa na wapwa wakulima. Magunia yakaomba majina ya kuazima. Hilo nalitumia mpaka leo kama zoezi, na wewe litumie. Mwambie kijana: "Mjomba wako, aliyekulipia ada, anakuomba uandikishe magunia yake kwa jina lako. Utamjibuje?" Msikubali jibu la haraka. Kijana anayesema mara moja "nitakataa" hajawahi kuwa na mjomba. Mpe wiki nzima ya kutafuta maneno halisi, kwa Kimakua au Kiyao kama ndiyo lugha ya barazani kwao, maneno yanayokataa uongo bila kumvunjia mjomba heshima. Barua kwa Waebrania, sura ya tano, mwishoni, inasema watu wazima ni wale ambao akili zao zimezoezwa kupambanua mema na mabaya. Zoezi ni hilo.

Jambo la pili ni gunia. Mchanga, mawe, korosho mbichi ambazo hazijaanikwa vizuri, korosho mbovu zilizofichwa katikati ili lote lihesabiwe daraja la kwanza. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, na kila kijana anaikubali kwa kichwa. Kwa hiyo usihubiri. Siku ya kufunga magunia nenda nyumbani kwake, muanike pamoja, mchambue pamoja, mshone pamoja. Akiona mwenzake anayemheshimu anatoa korosho mbovu na kuzitupa pembeni, hahitaji aya.

Jambo la tatu ni fedha yenyewe, na hapa kuna kanuni moja ninayoishikilia kwa ukali: orodha iandikwe kabla ya mnada. Ikishaingia benki hakuna orodha inayosikilizwa. Ketini naye mwezi Septemba, mwandike kwa mpangilio huu. Kwanza madeni, ya dukani, ya vibarua waliopalilia, ya aliyekukopesha mashine ya kupulizia. Pili sadaka na fungu la kumi. Najua wapo watakaoniambia fungu la kumi linatangulia. Yakobo sura ya tano inasema ujira wa waliovuna mashamba ukizuiliwa unapiga kelele, na kilio chao kimefika masikioni mwa Bwana. Mlipe kibarua, ndipo uje madhabahuni. Tatu, chakula cha Januari mpaka Machi, kinunuliwe kikiwa bado rahisi. Nne, ada au bati au mbuzi, chochote kinachobaki kuonekana Pasaka. Mwisho, furaha: shati, soda, zawadi ya mama. Furaha iwe na kiasi kilichoandikwa. Kijana asiyewekewa furaha kwenye orodha ataichukua kwenye ada.

Orodha hiyo nakala moja ikae kwako, nyingine kwa mama yake. Msimu ukiisha mnaisoma tena pamoja. Usipige kelele. Swali ni moja: wapi ulitoka nje ya orodha, na nani alikuwa pamoja nawe?

Hirizi shambani

Fupi, kwa kuwa kila mmoja anajua. Kijana mwenye mikorosho inayozaa sana ataambiwa azindike shamba, na mara nyingi anayemwambia ni bibi yake mpendwa. Akikataa, halafu mikorosho ikashambuliwa na ugonjwa, atalaumiwa kwa miaka. Usimwambie uchawi haupo. Hatakuamini, na hutakuwa umemsaidia. Mwambie kwamba hofu ndiyo inayozindikwa hapo. Nendeni shambani pamoja naye na padri au katekista, msali kwenye mipaka yote minne, mchana, watu wakiona. Halafu apulizie salfa kwa wakati. Sala haiui ukungu wa ubwiri, na salfa haiondoi hofu.

Januari mpaka Pasaka: njaa, Kwaresima na kusamehe

Kwaresima yetu huangukia miezi ambayo mahindi bado ni mabichi shambani na ghala limebaki vumbi. Kumwambia mtu wa Masasi afunge chakula mwezi wa pili ni kumwambia afanye alichokwisha kufanya. Wenye chakula wafunge na wagawe. Wengine nawapa mfungo mwingine: wiki sita bila kubeti kwenye simu, bila kusengenya, bila kumpita mtu mliyekosana naye kama vile ni mti.

Huo wa mwisho ndio mgumu. Ugomvi wetu mwingi ni wa mikorosho: ardhi ya huyu, miti aliipanda yule, mipaka aliijua marehemu. Chagueni ugomvi mmoja ambao kijana anahusika, hata mdogo. Mathayo 18:15 inampa hatua ya kwanza: aende kwa mwenzake wawe wawili peke yao. Asianze kwa mwenyekiti wa kijiji, asianze kwa padri, na asianze kwenye kundi la simu la ukoo. Mfanyishe mazoezi ya sentensi ya kufungulia mazungumzo. "Kaka, nimekuja kuhusu ule mkorosho" inatosha. Akikataliwa, hatua ya pili ni kwenda na mmoja au wawili, na hapo ndipo wewe unaposimama naye. Akisamehe na mti ukabaki kwa mwenzake, usimwahidi kwamba Mungu atampa mingine.

Miezi hii pia ina misiba. Familia zetu zimechanganyika, baba mdogo Mwislamu, shangazi Mkristo, na kijana aliyekolea dini wakati mwingine huanza kuukwepa msiba wa upande wa pili. Mrudishe. Aende achimbe kaburi, abebe maji, akae chini kwenye mkeka mpaka dua iishe. Mabishano ya dini msibani ni utoto mtupu, na nimewaona wazee wakiyafanya.

Utajuaje amekua

Usimuulize yeye. Muulize mama yake kama sauti imeshuka nyumbani. Muulize karani wa chama cha msingi, bila kueleza kwa nini, magunia yake yalikuwaje. Waulize anaocheza nao mpira akifungwa anafanyaje; jibu la hao ni la kweli kuliko la katekista. Ukisikia mambo mazuri mawili na baya moja, mshukuru Mungu, maana hicho ndicho kipimo changu hata kwa wazee wa Kanisa.

Kisha mkabidhi mtu. Darasa jipya la kipaimara likianza, mpe mtoto mmoja wa kumfundisha Baba Yetu na Imani ya Mitume, amtembelee nyumbani, ajibu maswali yake. Atakuja kwako mbio na swali asiloliweza, na hapo ndipo atakapofungua Biblia bila kusukumwa. Akikataa kwa kusema bado ni mdogo, mwonyeshe 1 Timotheo 4:12.

Na wengine wataondoka kabla hujamaliza. Basi la Dar es Salaam linapita, na Kariakoo imejaa watoto wetu wenye meza za biashara. Usimwache aende mikono mitupu: mwombe padri barua ya utambulisho kwa parishi atakayokuwa karibu nayo, weka namba ya katekista wa huko kwenye simu yake mkiwa bado Masasi, na umpigie Jumamosi ya kwanza jioni kumuuliza ibada inaanza saa ngapi. Akikujibu hajui, usikate simu, mpe dakika tano aulize jirani.